Watu Wanne Kando ya Minnewanka: Sheria Inayoeleweka Nusu

Kila mwaka, kuanzia 10 Julai hadi 15 Septemba, njia ya kando ya ziwa Minnewanka katika Hifadhi ya Banff, Kanada, haipitiwi na mtu mmoja, wala wawili, wala watatu. Ukishavuka daraja la Stewart Canyon, sheria inataka muwe wanne au zaidi, muandamane bila kuachana, na muwe na kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu. Mbwa na baiskeli marufuku. Anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 25,000.

Malalamiko nayajua, na yana uzito. Wengi wetu tunaotokea Calgary, jiji kubwa lililo jirani na hifadhi, tunafanya kazi za zamu. Mapumziko yakiangukia Jumanne, wenzako wote wako kazini. Wapo pia waliotembea milima hii peke yao miaka nenda miaka rudi, wakitafuta ukimya, na hawajawahi kukwaruzwa. Hao hutaja utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008: dawa ya pilipili ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio. Sasa mtu mzima mwenye kopo kiunoni anazuiwa kwa nini?

Hapo ndipo mjadala unapopotea njia, kwa sababu wote wanahesabu usalama wa binadamu peke yake. Ni kweli dubu huwasikia wanne mapema kuliko mmoja, hasa pale upepo wa ziwa unapomeza sauti ya hatua, na ni nadra kushambulia kundi. Lakini tarehe za sheria hii zimepangwa na kichaka. Kando ya njia imejaa buffaloberry, beri ndogo nyekundu, chungu, ambazo ukizifikicha hutoa povu kama la sabuni. Wakati huo ndizo chakula kikuu cha dubu, na inakadiriwa dubu mmoja anaweza kula hadi 200,000 kwa siku.

Nimeipigia hesabu namba hiyo mara nyingi. Akila saa kumi na sita bila kupumzika, ni beri 12,500 kwa saa, zaidi ya tatu kila sekunde. Ukimkurupusha akakimbilia msituni kwa nusu saa, umemnyima zaidi ya beri 6,000. Nyuma yako anakuja mwingine, peke yake, kimyakimya, naye anamkurupusha tena. Dubu jike hupandwa mwanzoni mwa kiangazi, lakini mimba haijishikizi tumboni mpaka karibu na majira ya baridi, na hapo ni kama amenenepa vya kutosha. Asiponenepa, mwaka huo hazai. Hifadhi nzima ina dubu wa kahawia, yaani grizzly, wapatao 65 tu, na jike hukaa kama miaka minne kabla ya kuzaa tena. Beri zinazopotea Agosti ni watoto wasiozaliwa Januari.

Na dubu akimjeruhi mtu, mara nyingi anayeuawa ni yeye. Septemba 2023 watu wawili waliuawa kambini katika bonde la mbali la Banff. Walikuwa na dawa ya pilipili, na dubu yule akapigwa risasi. Mkasa huo hauthibitishi sheria ya wanne, ila unaonyesha kwamba kopo si kinga kamili, si kwa mtu wala kwa dubu.

Agosti moja nilifika darajani peke yangu nikangoja karibu saa nzima. Wakaja mume na mke, kisha mama mmoja mtu mzima, tukatimia. Kila penye kona waliita kwa sauti, mimi nikaita "Hodi!", nao wakalidaka neno baada ya kuwaeleza maana yake. Mbele kidogo tukakuta kinyesi kibichi kimejaa maganda mekundu, na matawi yamekwanyuliwa mpaka usawa wa kifua. Tukageuza. Dubu mwenyewe hatukumwona, na sikuona kama nimepoteza siku.

Ile saa ya kungoja, hata hivyo, ni kasoro halisi, na inamwumiza zaidi mgeni asiye na watu. Kinachokosekana pale ni saa maalumu ya kukutana, tuseme saa tatu na saa tano asubuhi, na ubao unaoitangaza, ili aliyekuja peke yake ajue wenzake watatu atawapata lini.