Mshikamano wa seli: je, asidi amino tatu ndizo zenye amri?

Kiinitete cha panya kinapofikia seli 8, seli hizo, ambazo hadi hapo ni viduara vilivyogusana tu, hubanana hata mipaka baina yao ikawa vigumu kuiona kwa hadubini. Kazi hiyo hutegemea E-kadherini, mojawapo ya kadherini, yaani familia ya protini za utando wa seli, inayohitaji kalsiamu ili ishikane na protini mwenzake kwenye seli jirani. Mwaka 1990 Orest Blaschuk na wenzake walionyesha kwamba vipande vifupi vya protini vilivyotengenezwa maabara, vyenye mfuatano wa asidi amino (vijenzi vya protini) tatu, histidini, alanini na valini (HAV), huzuia kubanana huko. Ndipo ilipopata nguvu hoja kwamba mfuatano huo ndio unaotawala mshikamano.

Hoja hiyo si ya kubezwa. HAV imo katika sehemu ya kwanza ya kadherini, iliyo mbali zaidi na utando, na mwaka huohuo Masatoshi Takeichi na wenzake nchini Japani waliona kwamba kubadili asidi amino zilizo jirani nayo kulibadili aina ya kadherini ambayo seli ilichagua kushikana nayo. Picha za fuwele za kadherini za mwaka 1995 nazo zilionyesha triptofani, asidi amino nyingine, ya molekuli moja ikiingia katika kishimo cha nyingine, na alanini ya HAV ni sehemu ya ukuta wa kishimo hicho.

Hata hivyo, HAV ni ileile katika E-kadherini na ndugu zake N-kadherini na P-kadherini, kwa hiyo haiwezi peke yake kueleza jinsi seli zinavyotofautishana. Isitoshe, vipande vya HAV kuzuia mshikamano ni kama kuziba tundu la kufuli: hakuthibitishi kwamba tundu ndilo linaloamua nani aingie. Malcolm Steinberg, aliyeshikilia kwa miongo kadhaa kwamba kiasi cha mshikamano ndicho kinachopanga seli, alithibitisha pamoja na Takeichi mwaka 1994 kwamba seli zenye kadherini moja lakini kwa viwango tofauti hujitenga, zenye nyingi zikikaa katikati.

Kwa maoni yangu, kipande cha HAV kinaonyesha mahali pa kushikia, wala si mamlaka yenyewe. Mwaka 2007 kundi la Rolf Kemler, Ujerumani, liliweka N-kadherini, yenye HAV ileile, mahali pa E-kadherini katika panya: seli za viinitete zilishikana, lakini tabaka la nje, ambalo huchangia kondo la nyuma, halikuundika ipasavyo.