Soko la Kibirizi kwenye kioo cha simu

Juzi usiku nimetazama video ya karibu dakika arobaini: mtu anatembea sokoni Kibirizi, Kigoma, simu mkononi, bila kusema neno. Video za namna hii zimejaa YouTube, na watu wanazipenda. Mimi nami niliitazama mpaka mwisho.

Kwa mtu wa Kigoma anayeishi Dar es Salaam, hiyo si zawadi ndogo. Niliyaona madumu ya mawese yamepangwa, samaki wakavu aina ya migebuka, boti zinazongoja abiria wa kuelekea Gombe na Kagunga. Nyumbani siendi kila mwezi. Na wale ambao hawajafika, wengi wanachojua ni kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, na kwamba reli ya kati inaishia kwetu. Wakiuona mji unaofanya biashara na Kongo na Burundi kupitia ziwani, hiyo ni faida, siwezi kuikataa.

Lakini kuna sekunde chache nilizirudia mara nne. Mama mmoja alikuwa anapima dagaa kwa sado. Alipoiona kamera aliinua upindo wa kanga akafunika uso, mkono wa pili ukaendelea kupima. Mpiga video hakusimama, hakusalimia. Na hapo ni Uha, nchi ya Waha, ambako salamu ni jambo zito: watu hupiga makofi taratibu huku wakijuliana hali. Makofi hayo yamo kwenye video ileile, na mgeni anaweza kudhani watu wanashangilia kitu.

Wapo wanaosema soko ni mahali pa wazi, aliyetandaza biashara amekubali kuonwa. Kuonwa na mpita njia, sawa, maana na yeye anamwona. Hawa watazamaji wa mtandaoni muuzaji hawaoni, wala hajui ni wangapi. Tena kuna pesa. YouTube humgawia mwenye chaneli mapato ya matangazo akishafikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na video ndefu isiyo na maneno husaidia kuzikusanya saa hizo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila mimi sikutaka kufika huko. Nilitaka tu mpiga video asimame, aseme "shikamoo mama, naomba kupiga picha".

Simu hiyohiyo ikiwa mikononi mwa muuzaji, mambo hubadilika. Wafanyabiashara wa dagaa siku hizi wanampigia mteja wa Dar kwa video, wanamwonyesha gunia, wanataja bei, pesa inaingia kwa simu, mzigo unapanda basi. Hapo mama wa dagaa hana sababu ya kufunika uso. Utapeli upo, sikatai, kwa sababu video iliyorekodiwa haina tarehe usoni. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mtu angeweza kabisa kukurushia video ya malundo ya dagaa ya mwezi Aprili. Heri kuongea naye muda uleule.

Na hata hapo kuna kitu kioo hakikuonyeshi: mchanga. Dagaa walioanikwa chini na walioanikwa juu ya chanja wanaweza kung'aa sawasawa kwenye simu. Anayejua kununua huchukua kidagaa kimoja, anakitafuna polepole, anasikiliza meno.

Mwezi uliopita niliagiza gunia moja. Shangazi alienda Kibirizi asubuhi, akanipigia kwa video, akaegemeza simu kwenye ndoo. Nilimwona akimsalimia muuzaji kwanza, makofi, habari za watoto, habari za mgonjwa. Kisha akatia kidagaa mdomoni. Akatafuna. Akatema pembeni, akaichukua simu na kuniambia, "Mwanangu, hawa wana mchanga. Ngoja tusogee meza ya pili."