Simu ikiibiwa, nifute mstari mmoja tu

Simu ya karani wetu iliibiwa kwenye daladala ya Mbagala, Jumatatu jioni. Ndani yake mlikuwa na barua pepe ya ofisi, ile anwani moja inayopokea nyaraka za wateja wote. Sisi ni mawakala wa forodha, ofisi ya watu 11 karibu na bandari, na mimi ndiye ninayetunza seva. Nani hapa mjini hajapata ule ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii"? Sasa ujumbe huo utoke kwenye anwani yetu halisi, umfikie mteja anayesubiri kontena lake. Angetuma. Sikungoja kukuche, nikabadilisha nywila usiku uleule.

Asubuhi kila kitu kikagoma. Nywila ilikuwa moja: watu wote 11 waliitumia, skana iliitumia, kalenda ya meli nayo iliitumia. Nilizunguka meza kwa meza hadi saa saba mchana. Mama mhasibu, ambaye huwa hapandishi sauti, aliniambia, "Mwanangu, mwizi kaiba simu moja, wewe umetufungia mlango wote." Alisema kweli.

Tangu siku ile msimamo wangu ni huu: kila huduma iwe na nywila zake, na ndani ya huduma hiyo kila kifaa kiwe na yake. Simu ya karani ina yake ya barua pepe, laptopu yake ina nyingine, skana nyingine. Na ofisi kama yetu haihitaji kununua mfumo wowote kwa kazi hiyo. Faili la maandishi kwa kila huduma, lenye mstari mmoja kwa kila kifaa, na amri chache za terminali, lile dirisha la kuandikia amri, zinatosha.

Nywila zenyewe sizitungi. Naandika openssl rand -base64 18, napata alama 24 zisizo na maana, naziingiza kwenye kifaa mara moja, basi. Hakuna anayetakiwa kuzikariri. Kwenye seva inabaki hashi tu, alama iliyotokana na nywila ila haigeuzwi kurudi kuwa nywila. Ya barua pepe naitengeneza kwa doveadm pw -s ARGON2ID, amri ya Dovecot, programu ya seva yetu ya barua; hashi yake ni ya aina ya Argon2. Ya kurasa za nyaraka kwa htpasswd -B -C 10, yaani hashi ya aina ya bcrypt.

Kuhusu aina ya hashi silegezi kamba. Mwaka 2012 hashi za LinkedIn zipatazo milioni 6.5 zilimwagwa mtandaoni. Zilikuwa za SHA-1, tena bila chumvi. Chumvi ni kile kipande cha nasibu kinachochanganywa na kila nywila kabla ya kuhashiwa. Kikikosekana, watu elfu wenye nywila moja wana hashi moja, na ukimfumbua mmoja umewafumbua wote. SHA-1 nayo ni ya haraka mno, kompyuta inakisia mamilioni kwa sekunde. bcrypt, ya mwaka 1999, na Argon2, iliyoshinda shindano la hashi za nywila mwaka 2015, zilitengenezwa makusudi ziwe nzito. Ndiyo maana naweka -C 10: htpasswd ikiachwa yenyewe huweka uzito wa 5, na huo ni mwepesi.

Halafu kuna -c, ya herufi ndogo, ya htpasswd hiyohiyo. Hiyo huanzisha faili jipya, na kama lipo tayari hulifuta bila kuuliza. Nilipoteza mistari minane hivyo, kwa herufi moja. Na -b niliiacha kabisa, kwa sababu nywila unaiandika ndani ya amri yenyewe: inabaki kwenye historia ya terminali, na aliye kwenye mashine hiyo anaweza kuiona kwa ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa. Iache programu ikuulize.

Wenzangu husema majina yatakuwa mengi. Ni kweli, lakini ni majina yanayosomeka: karani-simu, karani-laptopu. Kwenye faili la Dovecot naongeza user=karani mwisho wa mstari, na vifaa vyote viwili vinafungua sanduku lilelile la barua.

Simu ikipotea, nafuta mstari wa karani-simu. Kufuta peke yake hakumtoi aliyekwisha kuingia, maana muunganisho uliofunguliwa unaendelea. Kwa hiyo naandika pia doveadm kick karani, inayokata miunganisho yake yote. Laptopu yake inakatika kidogo, kisha inaingia tena kwa nywila yake. Simu haiingii.

Imebaki skana. Kioo chake hakipokei nywila ndefu kuliko alama 16, kwa hiyo Jumamosi nitaifungulia anwani yake peke yake, isiyo na ruhusa ya kusoma barua, itume tu.