Inteki ya milioni au ya laki? Kwa hizi gari zetu za Chuga (Arusha) mi naona hivi

Niseme mapema ili usije ukaona nimekuzungusha: kama una IST, Vitz, Spacio au chochote chenye injini ya 1NZ, inteki (bomba na chujio la kuingizia hewa kwenye injini, badala ya la kiwandani) ya milioni na ya laki na nusu zote mbili ni hela ya raha, sio hela ya nguvu. Kama una Subaru ya turbo au Mark II ya 1JZ yenye turbo na una mtu wa uhakika wa kukufanyia tuning (kurekebisha kompyuta ya injini), hapo ya gharama inalipa na wala sibishi. Katikati ya hao wawili kuna wenye Mark X, Crown, Altezza na Forester zisizo na turbo, na hao ndo wanaonichosha kila nikikaa kijiweni Unga Limited, maana kila mmoja ana shemeji yake alifunga koni (chujio la wazi lisilo na boksi) na "gari limebadilika kabisa kaka".

Limebadilika mlio. Ukitoa boksi la plastiki ukaweka koni wazi unasikia injini inavuta pumzi, na sikio likisikia mngurumo mguu nao unakandamiza zaidi bila mwenyewe kujua, halafu unasema gari limekuwa jepesi.

Tuanze na hewa yenyewe maana huku kwetu ina mambo yake. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi, na injini isiyo na turbo inakula hiyohiyo iliyopo haina jinsi ya kuiongeza. Kwa hiyo IST ambayo kwenye makaratasi ya Toyota ina hosipawa 109, ikiwa huku imeshapoteza kama 14 kabla hujatoka getini kwako. Shuka Moshi, mita 800 na kitu, unarudishiwa kidogo, shuka mpaka Tanga unarudishiwa zote. Ndo maana kuna watu wanakwenda Tanga sikukuu wanarudi wanasifia sheli za kule, eti mafuta ya kule ni mazuri gari lilikuwa linakimbia lenyewe, kumbe wala sio mafuta.

Sasa inteki nzuri, ya jina, iliyopimwa kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari), kwa injini ndogo ya namna hiyo inakupa hosipawa chache tu, tatu, nne, tano ukiwa na bahati, na zote ziko juu kabisa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) elfu tano kwenda mbele. Yani unalipa milioni kununua theluthi ya kitu ambacho ukishuka Tanga unapewa bure. Na hebu niambie kati ya hapa na Boma Ng'ombe ni wapi utapandisha rpm elfu tano kwa gia ya maana bila kukutana na kibao cha 50 na trafiki kakaa chini ya mti na tochi yake.

La kusevu mafuta ndo sitaki hata kulisikia. Kwenye gari ya petroli ya EFI (inayomwaga petroli kwa hesabu ya kompyuta), ukiwa unatembea kawaida kinachozuia hewa isiingie sio ea klina (chujio la hewa), ni throto (kilango cha hewa) yenyewe ambayo we umeifungua kidogo tu kwa mguu wako, kwa hiyo hata ukiweka ea klina pana kama ndoo, throto bado iko palepale na injini inakunywa kilekile. Wamarekani waliwahi kulipima hili kwenye maabara yao ya Oak Ridge, mwaka 2009, wakachukua magari ya kisasa wakayafunga ea klina zilizoziba kabisa, wakakuta ulaji wa mafuta haukubadilika cha maana, kilichoshuka ni uwezo wa kuchanganya. Sasa kama iliyoziba haiongezi ulaji, hiyo iliyofunguka zaidi ya kawaida itapunguza nini?

Kitu kingine, boksi la ea klina alilofunga Toyota kiwandani tayari linavuta hewa ya baridi. Fungua boneti ufuatilie lile bomba la plastiki linaelekea wapi, nyingi zinakwenda mbele kabisa kwenye grili au pembeni nyuma ya taa, hewa ya nje. Unatoa hilo unaweka koni katikati ya injini, pale ambapo ukiwa kwenye foleni ya Kilombero vifodi (daladala za huku) vimekubana huku na huku joto linafika digrii 50 na zaidi. Hewa ya nje digrii 25, ya humo ndani 55, tofauti hiyo peke yake inakula asilimia 9 ya hewa. Mtu amelipia kupunguza nguvu. Na hapa bei haisaidii sana, koni ya gharama ikikaa wazi kwenye joto lilelile inavuta joto lilelile, tofauti ni kwamba nyingi za gharama zinakuja na ngao ya kuzuia joto au boksi lake, za bei chee zinakuja na stika.

Ila tofauti kubwa kabisa kati ya ya gharama na ya bei chee haipo kwenye koni wala kwenye kung'aa, ipo kwenye eaflo sensa, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hapa ndo injini zinakufa.

Eaflo haihesabu hewa yote inayopita. Ina kawaya kadogo kenye moto kanachopozwa na hewa inayopita palepale kalipo, halafu kontrol boksi (kompyuta ya injini) inapiga hesabu: kama hapa inapita kiasi hiki, na bomba lina upana huu, basi jumla ni kiasi hiki, mwaga petroli kiasi hiki. Huo upana uliandikwa kiwandani, gari haliwezi kujua kwamba umebadilisha bomba. Ukitoka bomba la milimita 64 ukaweka la milimita 70, kwa macho hata huoni tofauti, lakini eneo la ndani limeongezeka kama asilimia 20, hewa inapita kwenye sensa taratibu zaidi, sensa inasema imepita kidogo wakati imepita nyingi, petroli inamwagwa pungufu. Ukiwa unatembea mdogomdogo oksijeni sensa iliyoko kwenye ekzosi inagundua na kurekebisha, kwa hiyo hutaona kitu labda siku moja taa ya cheki injini iwake. Shida ni pale unapokanyaga yote, unampita roli kwenye kilima, muda huo gari nyingi za zamani hazisikilizi tena oksijeni sensa, zinafuata hesabu ya eaflo tu, na hesabu ni ya uongo. Injini inachoma ikiwa na petroli kidogo, joto linapanda, inaanza kugonga. Na utamu wake, au uchungu wake, ni kwamba siku za mwanzo inaweza kuwa nyepesi kweli kwa sababu Toyota kiwandani huwa wanamwaga petroli kwa kuzidisha kidogo ili injini ipoe, we umeuondoa ule uangalifu wao ukadhani umepata nguvu.

Hizi kampuni za jina, K&N (walianzia California mwaka 1957), AEM, Injen, HKS za Japani, kazi kubwa unayowalipa ni hiyo: wamepima upana wa pale sensa inapokaa ili isome kama kiwandani. Yule anayekopi hapimi, anaangalia picha. Anatengeneza saizi mbili tatu za bomba halafu anaandika "inafaa Toyota zote".

Sasa hapo utasema basi nanunua ya gharama. Subiri. Inteki za Kimarekani zimepimwa kwa magari yaliyouzwa Marekani, na Mark X haikuuzwa kule. Ndugu yake yupo, Lexus IS250, injini ni ileile 4GR ya 2.5, lakini boneti sio ileile na sehemu za kushikilia sio zilezile. Kwa hiyo mtu anaagiza ya IS250, dola 250 mpaka 450 huko inakotoka kabla hujaweka usafiri na ushuru, inafika Arusha haikai, fundi anakuja na grainda anakata pale, anachomelea hapa, sensa anaisogeza pembeni kwenye kona. Umelipia vipimo halafu umevikata na grainda. Afadhali basi ungenunua la laki tangu mwanzo, lilishakuja baya lenyewe. Kwa hiyo kabla hujaniuliza ya gharama au ya bei chee, uliza kwanza kama ipo iliyotengenezwa kwa gari lako, namba ya chesesi yako kabisa, sio "inafanana". Altezza wana bahati kidogo kwa sababu kampuni za Japani kwao waliitengenezea.

Halafu vumbi. Wanaofundisha mambo ya inteki mtandaoni wengi wanaishi kwenye lami mlango kwa mlango. Mimi nikitoka Moshono kwenda mjini nimeshakula vumbi la kutosha kabla sijaiona lami, na Julai mpaka Oktoba, ukipita Muriet au Olasiti nyuma ya bodaboda unawasha wipa mchana kweupe. Na hili vumbi letu sio unga wa ngano, ni udongo wa volkano, mlima Meru ulitema hivi vitu, chembe zake ni ngumu zinakwaruza. Zikipita zinakaa kati ya ringi na ukuta wa silinda zinasugua taratibu, hutasikia chochote, utaanza kuona gari linakula oili, moshi wa bluu asubuhi, na hapo mafundi wataanza kukwambia badilisha val sili (mipira ya kuzuia oili kwenye valvu).

Karatasi ya kawaida ya ea klina inakamata vumbi vizuri mno. Tena ikishaanza kuchafuka kidogo inakamata vizuri zaidi. Koni za pamba kama za K&N zinakamata kwa msaada wa mafuta yake maalumu, bila hayo mafuta ukiielekeza juani unaona mwanga, kwa hiyo lazima uioshe na kuipaka upya, kwa kipimo, ukimwaga mengi yanaruka yanakaa kwenye kale kawaya ka eaflo. Huku kwetu hiyo kazi ni ya mara kwa mara, usifuate maili wanazoandika kwenye boksi, zile ni za lami. Na koni za bei chee? Nyingi ni wavu na sponji, mafuta hazijawahi kuyaona, mpira wa chini ukikaa miezi mitatu kwenye joto unakakamaa na klipu inalegea, vumbi linapita pembeni bila hata kupita kwenye chujio.

Kujua kama yako inapitisha wala haihitaji mashine. Chomoa hosi baada ya ea klina, futa ndani na kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu au la kijivu, iwe ulinunua laki au milioni, ing'oe leo. Hata boksi la asili lipime hivyo, maana kuna mchezo wa kupuliza karatasi kwa kompresa mpaka inatoboka tundu ndogondogo halafu inarudishwa, "imekuwa mpya bosi". Ea klina mpya ya karatasi ni elfu ishirini thelathini jamani.

Wa turbo sasa, maana nimewaacha. Turbo inavuta hewa nyingi kweli, huku mlimani inajitahidi zaidi kufikia boost (presha ya hewa inayosukumwa) ileile, kwa hiyo njia pana ya kuingizia hewa inaonekana kabisa kwenye gari. Lakini Subaru zile eaflo yake inalalamika ukigusa tu bomba, bila kurekebisha kontrol boksi unajitafutia kupinda konrodi (mkono unaoshika pistoni) au kutoboa pistoni ya nne. Kwa hiyo bajeti ya tuning iwe mezani kabla ya bajeti ya inteki, na kama hela inatosha kimoja, usinunue hata kimoja, subiri.

Wale wanaopenda bomba refu linaloshuka mpaka chini ya bampa, hiyo kweli inapata hewa ya baridi, ila masika ikipiga na maji yamejaa barabarani pale Kwa Mrombo koni inakunywa. Maji hayagandamiziki, injini inasimama na konrodi imepinda. Wenzetu wa Landkruza za utalii wao wamepeleka mdomo juu ya paa, na sio kwa ajili ya maji tu, kule Serengeti ukiwa kwenye msafara vumbi la gari la mbele lipo zito zaidi chini. Hapo kwenye snokeli mi ni wa gharama bila kufikiria mara mbili, nyingi za kukopi viungo vyake havizibi, unavuta vumbi kupitia kwenye fenda huku unajiona umejikinga.

Na kama we unataka mlio tu, chukua, sina ugomvi, mlio ni starehe kama mziki mzuri kwenye gari na hela ni yako. Chukua bomba la bei ya kawaida lenye upana uleule wa la zamani pale kwenye sensa, pima na kalipa (kifaa cha kupimia upana) mwenyewe dukani usione aibu, lisafishe ndani maana huwa yanakuja na vipande vya chuma vya kuchomelea, halafu hela yote iliyobaki ipeleke kwenye chujio zuri na klipu nzuri. Hosi ya pumzi ya oili irudishwe mahali pake isiachwe inaning'inia. Ila lile boksi la asili usimwachie fundi, hata akikwambia "nitakutunzia bosi". Liweke stoo na skrubu zake zote kwenye mfuko, kwa sababu siku ya kuuza mnunuzi anayejua magari atafungua boneti, ataona koni, na kitu cha kwanza atakachokuuliza ni boksi lake liko wapi.