Nusu asilimia ya mshahara upi?

Waajiri wa sekta binafsi Tanzania walipolalamikia mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), walikuwa na hoja. Wao walitozwa asilimia 1 ya mishahara wanayolipa, Serikali 0.5. Mwaka 2021 kiwango chao kikashushwa hadi 0.6, na Julai 2022 viwango vikalingana kwenye 0.5. Riba ya kuchelewesha mchango nayo ilitoka asilimia 10 kwa mwezi hadi 2. Walistahili nafuu hiyo. Na hata leo mwenye benki anachangia kwa kiwango kilekile cha mwenye mgodi, jambo ambalo lina maswali yake.

Ila kelele zote zilihusu kiwango. Kiwango cha mshahara gani? Hapo ndipo mfanyakazi anapoumia.

Chukua fundi wa kiwandani anayepokea shilingi 1,000,000. Kwenye hati ya mshahara zimeandikwa 500,000, nyingine anapewa mkononi. Kwa WCF, mwajiri ameokoa 2,500 kwa mwezi. Sasa mashine imvunje mgongo, asiweze kazi yoyote tena. Pensheni ya ulemavu wa kudumu kabisa ni asilimia 70 ya mshahara, na mshahara unaothibitika ni ule wa kwenye karatasi. Atapata 350,000 badala ya 700,000, kila mwezi, maisha yake yote. Kwa shilingi 2,500! Nauli ya daladala ya siku mbili hivi.

Tuseme kweli: hakuna mwajiri anayeficha mshahara kwa ajili ya 2,500. Anakimbia michango ya NSSF (mfuko wa pensheni) na kodi, na mara nyingine mfanyakazi mwenyewe anakubali ili abaki na chochote cha ziada mfukoni. Fidia inaponzwa njiani tu. Ndiyo maana kushusha mchango, hata ufike sifuri, hakutagusa ugonjwa huu.

Wanaosema WCF ni mzigo wakumbuke sheria ya zamani: fidia ya juu ya ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000. Tumetoka mbali, sibishi. Kinachobaki ni kumwonyesha mfanyakazi, kwenye simu yake, mshahara ambao mwajiri ameutangaza kwa jina lake. Mwajiri atanung'unika kwamba ni usumbufu mwingine. Mfanyakazi akiona nusu, atakuwa na pa kuanzia kuuliza akiwa bado mzima.