Chupa Kabatini: Bunge la Marekani na Steroidi za Besiboli

Tarehe 17 Machi 2005, siku tatu kabla ya vita vya Iraki kutimiza miaka 2, kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ambayo kazi yake ni kuikagua serikali ilikaa zaidi ya saa 11 ikisikiliza habari za besiboli na steroidi, dawa za kujenga misuli. Mchezaji Mark McGwire, aliyekuwa ameshastaafu, alijibu swali baada ya swali kwamba hakuja kuzungumzia mambo yaliyopita. Mwenzake Rafael Palmeiro aliwanyooshea wabunge kidole cha shahada na kusema hajawahi kamwe kutumia steroidi. Mchezaji mwingine, Sammy Sosa, alimwachia wakili wake amsomee maelezo. Miezi mitano haikutimia, kidole cha Palmeiro kikamgeukia mwenyewe: mwanzoni mwa Agosti ligi ilimfungia siku 10 kwa sababu vipimo vyake vilionyesha dawa iliyokatazwa.

Tangu siku ile, Mmarekani anayelalamika kwamba wabunge wake walikosea vipaumbele amekuwa akijibiwa kwa namna moja: ama hajali afya ya vijana, ama ni shabiki anayemkingia kifua mchezaji wake. Jibu hilo linamwonea. Wapo kweli wanaoona michezo ni jambo dogo lisilostahili muda wa Bunge, na hao wana haki ya maoni yao, lakini hoja nzito ya walalamikaji si hiyo. Hoja yao ni kwamba siku ile Bunge lilimtaka kila mtu ajieleze isipokuwa Bunge lenyewe.

Upande wa wabunge una uzito wake, na haufai kupimwa kwa dhihaka. Besiboli ya Marekani si biashara kama biashara nyingine: mwaka 1922 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haibanwi na sheria za kupinga ukiritimba, na Bunge limeuacha msamaha huo usimame kwa sehemu kubwa. Anayekula matunda ya upendeleo wa aina hiyo hawezi kushangaa akiitwa kutoa maelezo. Isitoshe, siku ile, kabla ya wachezaji kuingia ukumbini, walizungumza wazazi wa vijana wawili wanamichezo waliojiua, na wazazi hao waliamini kwamba steroidi ndizo zilizowafikisha watoto wao huko. Kuwasikiliza hakukuwa kupoteza muda. Tena shinikizo lilizaa matunda. Mwaka 2004 mchezaji aliyekutwa na steroidi kwa mara ya kwanza hakufungiwa hata siku moja, alipelekwa kwenye matibabu tu. Januari 2005 adhabu ikawa siku 10. Novemba mwaka huo huo, wabunge wakiwa wametishia kutunga sheria yao, ikawa mechi 50 kwa kosa la kwanza, 100 kwa la pili, na kufungiwa maisha kwa la tatu. Sidhani kama wamiliki wa timu na chama cha wachezaji wangefika hapo kwa kasi ile pasipo kusukumwa.

Lakini turudi nyuma hadi Agosti 1998. McGwire, akiichezea St. Louis Cardinals, alikuwa akiifukuzia rekodi ya homurani, ile mipigo inayoupeleka mpira nje ya uwanja, na msimu ule aliumaliza akiwa nazo 70. Mwandishi mmoja wa habari, aliyesimama mbele ya kabati la mchezaji huyo katika chumba cha kubadilishia nguo, aliona juu ya rafu chupa yenye jina refu: androstenidioni. Ni kitu ambacho mwili wa mtumiaji hukigeuza kuwa testosteroni, homoni ya kiume inayojenga misuli, na ndiyo maana michezo ya Olimpiki na ligi ya kandanda ya Kimarekani zilikuwa zimekwisha kukipiga marufuku. Chupa haikufichwa, wala McGwire hakukana kwamba ni yake. Angeifichia nini? Besiboli ilikuwa haijaikataza, na mtu yeyote angeweza kuingia dukani na kuinunua bila cheti cha daktari, kwenye rafu ile ile ya vitamini.

Swali ambalo mlalamikaji angependa liulizwe ni hili: nani aliiweka kwenye rafu ya vitamini? Jibu ni Bunge. Mwaka 1994 lilipitisha sheria ya virutubisho vya lishe, ambayo mmoja wa wasukaji wake wakuu alikuwa Seneta Orrin Hatch wa Utah, jimbo lenye viwanda vingi vya bidhaa hizo, na Rais Bill Clinton akaitia saini Oktoba mwaka huo. Dawa ya hospitalini haiingii sokoni mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba ni salama na inafanya kazi. Kwa virutubisho, sheria ile iliugeuza mzigo huo wa kuthibitisha: bidhaa nyingi mtengenezaji huziingiza sokoni bila kuomba idhini, kisha FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba bidhaa ina madhara kabla ya kuiondoa. Mlinzi wa lango akageuzwa kuwa mtu wa kufuatilia nyayo za mwizi aliyekwisha kupita.

Gharama ya mpango huo ilionekana wazi katika habari ya Steve Bechler, mrushaji mpira wa Baltimore Orioles mwenye umri wa miaka 23. Februari 2003 alianguka akiwa mazoezini Florida, mwili ukiwaka joto, na kesho yake akafariki. Mchunguzi wa maiti aliitaja efedra, kirutubisho cha kupunguza uzito kilichouzwa bila cheti, miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo chake. FDA ilikuwa imependekeza masharti juu ya efedra tangu mwaka 1997, kisha mwaka 2000 ikayaondoa mengi kati ya mapendekezo hayo kwa kuambiwa ushahidi hautoshi. Marufuku ilianza kutumika Aprili 2004, ikiwa ni mara ya kwanza kwa kirutubisho kuondolewa sokoni kwa mamlaka ya sheria ile ya 1994. Ilichukua karibu miaka 10 kwa bidhaa moja, na hiyo ni bidhaa ambayo watu walikuwa wakiilalamikia waziwazi miaka yote hiyo.

Mtetezi wa Bunge anaweza kusema kwamba Oktoba 2004 makosa yalirekebishwa, na ni kweli kwamba mwezi huo Rais George W. Bush, ambaye kabla ya siasa alikuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya Texas Rangers, alitia saini sheria mpya iliyoiingiza androstenidioni na jamaa zake katika orodha ya steroidi zinazodhibitiwa. Naomba msomaji aisome sheria hiyo taratibu. Katika sentensi yenyewe inayoeleza steroidi ni nini, wabunge waliacha mlango mmoja wazi kwa kuutaja kwa jina: DHEA haihesabiwi. DHEA ni homoni ambayo nayo mwili huigeuza kuwa androstenidioni na kisha testosteroni, na shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, WADA, limeikataza. Bunge la Marekani liliiacha ibaki dukani kama kirutubisho, na halikuweka hata umri wa mnunuzi.

Nimeirudia tarehe hii mara nyingi kichwani. Sheria ilitiwa saini Oktoba 2004, kikao cha kamera kikafanyika Machi 2005. Kati yake ni miezi mitano tu. Wabunge waliowauliza wachezaji kwa sauti nzito kama wanajua mfano wanaowapa watoto walikuwa wanachama wa Bunge lililokuwa limetoka tu kumruhusu mtoto huyo huyo aingie dukani na kutoka na homoni mfukoni, kwa halali kabisa. Kwenye meza ya mashahidi walikaa wazazi, madaktari, wachezaji na wakuu wa ligi. Mwenye kiwanda cha virutubisho hakuwapo. Nyani haoni kundule, walisema wazee, ingawa katika habari hii nashuku nyani aliliona na akaamua kugeukia upande mwingine.

Najua pingamizi lililopo, nalo ni la haki. Januari 2010 McGwire alikiri kwamba alitumia steroidi zenyewe, si chupa ya dukani peke yake, hata katika msimu ule wa 1998. Kwa hiyo sheria kali ya virutubisho isingemzuia yeye, wala isingewazuia wengi wa wale 89 waliotajwa katika ripoti ya Desemba 2007 ya George Mitchell, seneta wa zamani aliyepewa na besiboli kazi ya kuchunguza matumizi ya dawa hizo. Wachezaji wazima wenye fedha wangepata walichokitaka. Ila wabunge hawakusema wamekutana kwa ajili ya wachezaji wazima wenye fedha. Walisema wamekutana kwa ajili ya vijana, na kijana wa sekondari hana mkufunzi wa siri wa kumdunga sindano. Alicho nacho ni duka la karibu na fedha kidogo. Kwa kipimo walichokichagua wabunge wenyewe, rafu ya duka ndiyo iliyostahili saa 11.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia haraka. Februari 2008 kamati ile ile ilimwapisha Roger Clemens, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, akakana kutumia dawa hizo, na viongozi wa kamati kutoka vyama vyote viwili wakaiomba Wizara ya Sheria imchunguze kama amesema uongo. Alishtakiwa mwaka 2010. Kesi ya kwanza ilivunjika Julai 2011 ikiwa katika siku ya pili ya ushahidi, kwa sababu waendesha mashtaka waliwaonyesha wananchi wa jopo la kuamua kesi ushahidi ambao jaji alikuwa ameukataza. Ya pili ilichukua majuma mengi, wawili kati ya wanajopo wakaondolewa kwa kusinzia, na Juni 2012 Clemens akaachiwa huru kwa mashtaka yote. Inawezekana kusema kwamba kushindwa kwa waendesha mashtaka si kosa la Bunge, na kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa hata kama jambo lenyewe ni dogo. Sawa. Hata hivyo hao wanajopo waliosinzia wananivutia kuliko wanasheria wote wa kesi ile, maana walifanya kwa macho yao kile ambacho wananchi wengi walikuwa wamekwisha kukifanya kwa masikio.

Mwaka 2020 Bunge lilirudi kwenye jambo hili kwa sheria iliyopewa jina la Grigory Rodchenkov, yule mkuu wa zamani wa maabara ya Moscow ya kupima dawa zilizokatazwa michezoni, aliyefichua mpango wa Urusi wa kuwapa wanamichezo wake dawa hizo. Sheria hiyo inawaruhusu waendesha mashtaka wa Marekani kuwafuata wanaopanga njama za dawa katika mashindano makubwa ya kimataifa, hata yakifanyika ng'ambo, na kifungo chake kinafika miaka 10. Kwa haki yake, imelenga wasambazaji na wapangaji, haimlengi mwanamichezo mwenyewe, na hilo ni funzo zuri kutoka kwenye vikao vya zamani. Ila haizigusi ligi za kulipwa za Marekani zinapocheza nyumbani, na WADA ililalamika juu ya hilo wazi. Watetezi wake wanasema ligi zina mikataba yao na vyama vya wachezaji, yenye vipimo na adhabu. Ni mikataba ile ile ambayo mwaka 2005 wabunge waliiona haifai, ingawa adhabu ya kosa la kwanza katika besiboli imepanda hadi mechi 80 tangu mwaka 2014.

Sheria ya 1994 bado ipo. Desemba 2014 Bunge liliongeza steroidi nyingine kadhaa kwenye orodha na kurahisisha kuongeza mpya zinapozuka, hatua ambayo ilipita bila kidole kunyooshwa mbele ya kamera na ambayo huenda imewafaa vijana kuliko kikao chochote cha wachezaji. Ile sentensi inayoeleza steroidi ni nini haikubadilishwa, na DHEA ingali inauzwa kwenye rafu ya vitamini.