Mluhya, Jogoo na Mashine ya Ubongo

Ukizaliwa Kakamega, kwetu Waluhya tunaotaniwa kwa kupenda kuku, kuna jambo moja huwezi kulisema mbele za watu ukaaminika: "Nasikia kuku." Utachekwa tu. Utaambiwa hiyo ni njaa.

Mimi ni fundi wa vifaa katika maabara ya utafiti wa ubongo, kwenye chuo kikuu kimoja hapa Kisumu. Tunachunguza kifafa, hasa kile kinachowapata watoto waliowahi kuugua malaria ikapanda kichwani. Kazi yenyewe ni kumvisha mtu kofia yenye elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo, kutia jeli ya chumvichumvi chini ya kila moja, kisha kumwomba atulie. Umeme wa ubongo ni mdogo mno, hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, ilhali stima ya ukutani ni volti 240 na inatetemeka mara 50 kwa sekunde. Bila kinga, mashine ya EEG, ile inayorekodi umeme wa ubongo, itakurekodia stima ya jengo badala ya kichwa cha mtu. Ndiyo maana anayepimwa huketi ndani ya kizimba cha Faraday, kilichopewa jina la Mwingereza Michael Faraday aliyejenga cha kwanza mwaka 1836. Chetu kilijengwa na fundi wa Kibuye: fremu ya mbao, wavu wa shaba pande zote hadi juu, na mlango wenye komeo kwa nje.

Siku ya mkasa tulikuwa na sherehe. Sherehe zetu zina sheria zake. Siku ya kuzaliwa, mwenyewe anamwagiwa maji kama ilivyo desturi ya Wakenya, ila nje kwenye nyasi, maana maji na mashine zetu havipikiki chungu kimoja. Ukitetea tasnifu ya uzamivu ukapita, unaletewa keki. Dada yetu mmoja alikuwa amepita asubuhi hiyo, na keki ikaagizwa ya umbo la ubongo. Ilifika kutoka Kondele ikiwa ya waridi, mikunjo tele, kama sinia la matumbo yaliyooshwa vizuri. Hakuna aliyelalamika. Wengine hata walizidi kuipenda.

Sasa, mamake huyo Daktari mpya alikuwa amepanda matatu kutoka Siaya na zawadi ya Profesa: jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Alipofika, mapokezi hapakuwa na mtu. Sote tulikuwa ukumbini tukipanga viti. Akafuata korido, akachungulia mlango wa kwanza uliokuwa wazi, akaona kibanda cha wavu wa shaba, kisafi, kina komeo. Baadaye alituambia hajawahi kuona watu wanaomheshimu kuku kiasi kile. Akamwingiza, akafunga, akaja ukumbini kusalimia.

Huku nyuma mimi nasakwa. Mtu aliyejitolea kupimwa saa nane alipiga simu kwamba mvua imemkwamisha Ahero, na Profesa hapendi saa ya mashine ipotee bure.

"Kijana, ingia wewe. Keki haikimbii."

Nikavishwa kofia, nikaingizwa, taa zikazimwa. Kuku akiwa gizani hutulia, na huyu alikuwa chini ya kiti changu, kimya kabisa.

"Fumba macho, kaka," mwanafunzi akasema kwenye spika. "Usiwaze chochote."

Ukifumba macho ukatulia, kisogoni huinuka mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde. Yangu yalianza kuinuka vizuri tu.

"Kwoo," kitu kikasema.

Nikanyamaza. Mjerumani Hans Berger alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu mwaka 1924 na hakuyachapisha hadi 1929. Mtu na akili zake anaweza kusita. Nami nikasita.

"Alfa zako zimekatika, kaka. Unawaza nini?"

"Nawaza kodi ya nyumba."

"Kwo, kwo, kwoo."

Hebu fikiria. Mluhya peke yangu katika maabara nzima, kichwa kimejaa nyaya, pilau inanukia ng'ambo ya ukuta, halafu niseme nasikia kuku? Wangenitia kwenye tasnifu ya mtu. Nikameza mate. Mwanafunzi akasema nisisogeze taya.

Kisha kitu kikanikanyaga mguu. Kamba ilikuwa imelegea. Kikapanda kwenye mkono wa kiti, kikapanda begani, kikapumua karibu na sikio langu, na kikaonja jeli.

Kupepesa jicho tu huinua mistari mikubwa kuliko ya ubongo wenyewe. Sasa piga hesabu jogoo akidonoa elektrodi nyuma ya sikio, na mwenye sikio akirukaruka gizani.

"Kifafa!" mwanafunzi akapiga yowe. "Profesa, kifafa!"

Wenzangu wamefunzwa huduma ya kwanza, na siku hiyo waliifuata neno kwa neno: mlaze ubavu, legeza shati, ondoa vitu vigumu, usimtie chochote mdomoni, usimbane. Nilikuwa sakafuni nikipaaza sauti, "Kuku! Kuku!" na mwanafunzi akinipapasa mgongo kwa upole: "Ndiyo kaka, kuku tutakuletea. Tulia."

Taa zilipowashwa, jogoo alipita juu ya vichwa vyao akashika korido. Nami nikamfuata, kofia kichwani, nyaya zikiburura, jeli ikinitiririka shingoni. Tulifika ukumbini pamoja. Yeye alitua kwenye keki, sehemu ya mbele, na hakuna mtafiti aliyekuwa tayari kutuambia ni kazi gani za ubongo zilipotea hapo.

"Nyasaye wangu!" mama akashika kichwa. Alinitazama mimi kwanza, kisha bintiye. "Hiki ndicho ulichosomea miaka yote? Kuwafanyia watoto wa watu hivi?"

Ikabidi kujaza fomu ya tukio lisilotarajiwa. Kamati ya maadili ilikuwa imetuidhinishia binadamu pekee, na fomu inauliza kama kila aliyeshiriki alitia sahihi ya ridhaa. Profesa aliitazama ile sehemu muda mrefu, akapiga kistari.

Jioni jogoo aliungwa, ugali ukasongwa. Firigisi kwa mila ni ya mkubwa wa nyumba, na Profesa alikuwa ameshasogeza sahani. Mama akaichota, akampita, akaniwekea mimi.

"Kula, nyathina. Wewe ndiye uliyedonolewa."

Profesa akasema si neno, tule tu. Akala mchuzi wake taratibu, akanawa mikono, ndipo akaniambia mawimbi yangu hayafai, nifike Jumatatu mapema tuyachukue upya.